Kamera Iliyofanya Kazi Pwani: Namna ya Kuipima Thamani Kabla ya Kutaja Bei

Chukua Canon 600D mbili zilizopiga picha 60,000 kila moja. Moja imefanya kazi Nakuru, nyingine imefanya kazi Shela, kijiji cha ufukweni karibu na mji wa Lamu, mashuani na mchangani. Mtandaoni zitatangazwa kwa bei moja, lakini anayenunua ile ya Shela kwa bei ya ile ya Nakuru bila kuikagua anajitia hasarani. Hesabu ya shata, yaani pazia la ndani linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa, mara nyingi husomwa kwa dakika chache na yeyote mwenye kompyuta. Chumvi hujificha chini ya mpira, ndani ya mlango wa betri na nyuma ya pini, na huendelea kula hata kamera ikilala kabatini. Ndiyo maana hapa Lamu tunashauri ukaguzi uanze na chumvi, unyevu na mchanga, kisha shata, sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuufanya picha) na lenzi. Bei huja mwisho, kwa sababu bei ya kamera iliyochoka ni hesabu ya kutoa: unaanza na bei ya kamera safi ya aina hiyohiyo, unaondoa gharama ya kila kasoro, halafu unaondoa kiasi fulani kwa ajili ya hatari usiyoweza kuiona.

Kabla ya kwenda kuiangalia

Usikague kamera usiku, wala katika kiza cha vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wetu wa kale. Nenda mchana, baina ya saa nne na saa kumi, mkae dakani au karibu na ua palipo na mwanga wa kutosha. Usifungue lenzi pale mbele ya bahari upepo wa kusi ukivuma. Vumbi utakalolitia wewe utalikuta kwenye picha ya majaribio, kisha utamlaumu mwenye mali.

Chukua betri yako iliyojaa, na ujue aina mapema. Canon 550D, 600D, 650D na 700D hutumia LP-E8. 1100D, 1200D na 1300D hutumia LP-E10. 60D, 7D na 5D Mark II hutumia LP-E6. Nikon D3100, D3200, D5100 na D5200 hutumia EN-EL14, na D7000 hutumia EN-EL15. Sony a6000 ina NP-FW50. Beba pia lenzi moja unayoijua hali yake, kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, simu yenye tochi kali, na ikiwezekana laptopu na waya wa USB wa kamera hiyo. 600D, 700D na 5D Mark II zinataka waya wa mini-USB, ule mnene wa zamani ambao siku hizi haupatikani kila duka.

Na kadi iwe yako. Kamera nyingi zinazouzwa mjini zimefanya kazi za harusi, na ndani ya kadi ya mwenyewe mna picha za sherehe za kina mama ambazo hazikupigwa ili uzione wewe. Mnunuzi mwenye adabu haombi kufunguliwa picha za zamani. Anatia kadi yake tupu, anapiga zake, anaondoka nazo kwenda kuzitazama kwenye skrini kubwa.

Chumvi, unyevu na mchanga

Geuza bodi, yaani mwili wa kamera, chini juu. Tazama skrubu za kitako na tundu la kufungia stendi. Kutu kidogo kwenye vichwa vya skrubu moja mbili za nje ni jambo la kawaida kwa kamera iliyoishi hapa, na peke yake haishushi bei sana. Kisha fungua mlango wa betri, toa betri, umulike hadi chini kabisa zilipo pini. Pini nzima hung'aa kama dhahabu au fedha. Ukiona unga mweupe au ukoko wa kijani, maji ya chumvi yamepita hapo, kwa kuwa ule ukijani ni shaba inayoliwa. Tazama vilevile mlango wa kadi, vifuniko vya USB, HDMI na maikrofoni, reli ya juu inapokaa flashi, na skrubu zinazoshika pete ya chuma mdomoni mwa bodi, pale lenzi inapofungwa.

Kanuni yetu ni hii: kutu ya nje ni ya hewa, kutu ya ndani ni ya maji. Bodi yenye reli ya flashi iliyopauka bado ni kamera, unaweza kupatana bei. Bodi yenye ukijani katika chumba cha betri na chini ya kifuniko cha USB kwa pamoja imelowa, hata ikiwaka na kupiga picha safi mbele ya macho yako.

Sababu ni kwamba chumvi huvuta unyevu wa hewani. Maji yakikauka, chembe za chumvi hubaki juu ya bodi ya umeme ya ndani. Siku ya hewa kavu hazina neno, lakini masika yakiingia zinalowana tena, zinapitisha umeme pasipostahili, na njia nyembamba za shaba zinaliwa taratibu. Kamera kama hiyo hufa baada ya wiki au miezi, mara nyingi mikononi mwa mnunuzi. Kuilaza kwenye mchele hakusaidii kitu, kwani mchele, ukifanya kazi yoyote, unavuta maji tu, chumvi inabaki palepale. Kamera iliyotumbukia baharini, hata kwa sekunde chache pale gati ya Mokowe, upande wa bara, tunaihesabu kuwa ni ya spea.

Ziko dalili nyingine za kulowa. Kamera zenye kioo kidogo cha maandishi juu ya bodi, kama 7D, 5D Mark II na D7000, huonyesha ukungu au mstari wa maji chini ya kioo hicho. Vitufe vinakwaruza vikibonyezwa, au kimoja kinabaki chini. Menyu inajifungua yenyewe, au flashi inawaka bila kuamriwa. Ukikutana na mambo mawili ya namna hii katika kamera moja, shukuru, urudishe, uondoke.

Mpira wa bodi una lake la kusema. Mpira ulionata, uliolegea au ulioota weupe huonyesha jasho la miaka, na kwa kamera zilizotoka kwa watalii, mara nyingi dawa ya mbu. Dawa zenye DEET huyeyusha baadhi ya plastiki na mipira, ndiyo maana unakuta pahali pa kidole gumba pamekuwa kama gundi. Mpira mpya hupatikana na hubandikwa kwa dakika chache, kwa hiyo usiogope, ila utoe gharama yake. Lakini ukikuta umebandikwa kwa gundi ya dukani, uliza kwa nini ulifunguliwa: skrubu kadhaa za bodi huwa chini ya mpira, na huenda fundi ameshaingia ndani.

Mchanga unausikia kabla ya kuuona. Sogeza pete ya zumu polepole huku sikio liko karibu. Zungusha gurudumu la kuchagulia hali, lile lenye M, Av na Tv, kila hatua. Fungua flashi ya juu. Sauti ya kusaga ina maana chembe zimeingia, na lenzi inayorefuka ikivutwa huvuta hewa ndani pamoja na mchanga wake. Kamera zilizopiga watalii kwenye vilima vya mchanga vya Shela, au fukwe za Malindi na Watamu, mara nyingi zina mchanga kwenye pete ya zumu hata kama bodi imefutwa ikang'aa. Lenzi inayokwama katikati ya zumu usiipe bei kabisa, ihesabu kama zawadi.

Shata

Watengenezaji hutaja idadi ya mipigo ambayo shata imejaribiwa. Kwa Canon ndogo kama 600D na 700D hutajwa 100,000, na vivyo hivyo 60D na 6D. Canon 7D, 5D Mark II na 5D Mark III ni 150,000. Nikon D90 na D3200 ni 100,000, D7000 na D750 ni 150,000, D810 ni 200,000. Idadi hiyo si ahadi. Ziko shata zilizokufa kwenye 40,000 na ziko zilizopita mara mbili ya kiwango. Harusi moja ya siku kadhaa inaweza kula mipigo elfu moja hadi mbili bila taabu, kwa hiyo mpigapicha mwenye kazi nyingi hukimaliza kiwango cha 600D mapema kuliko anavyodhani.

Namna ya kuisoma hutofautiana. Nikon huandika hesabu ya shata ndani ya kila picha. Piga picha moja ya JPEG, ihamishe kutoka kwenye kadi kwa waya au kisomea kadi, kisha uifungue kwa programu inayoonyesha taarifa zote za picha. Usikubali kutumiwa picha hiyo kwa WhatsApp, maana ikitumwa kama picha ya kawaida taarifa hizo hufutwa njiani. Canon nyingi haziandiki hesabu kwenye picha. Inabidi kuunganisha kamera na laptopu na kutumia programu maalumu ya kuiuliza kamera yenyewe, na si kila modeli hujibu. Jina la faili, kama IMG_3412, halithibitishi chochote: namba hufika 9999 ikaanza tena 0001, na mwenyewe anaweza kuirudisha mwanzo akitaka. Akidai shata ilibadilishwa, aonyeshe risiti ya fundi.

Hesabu peke yake haitoshi, ijaribu shata yenyewe. Weka kamera kwenye M, kasi 1/4000 ya sekunde, lenzi ikiwa wazi kabisa (namba ya f iliyo ndogo kuliko zote), na ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, ya kutosha kupata mwanga wa wastani. Elekeza kwenye anga tupu lisilo na jua, au ukuta mweupe wa chokaa unaopigwa na mwanga wa mchana, na upige picha kumi. Katika kasi hiyo mapazia mawili ya shata hupita yakiacha mwanya mwembamba tu baina yao. Pazia moja likichelewa hata kidogo, upande mmoja wa picha utakuwa na ukanda wa giza. Ukanda ukionekana katika picha zote au katika baadhi, shata inakaribia mwisho, hata hesabu ikisoma 30,000. Jaribio hili lifanye kwa mwanga wa jua pekee, kwani taa za LED na mirija huwaka na kuzima kwa kasi na huchora mikanda yake yenyewe, ukaja ukaihukumu shata isiyo na kosa.

Rudia kwa 1/1000, 1/60 na sekunde moja. Mwisho weka mfululizo, upige picha ishirini bila kuachia. Zote ziwe na mwanga uleule. Moja ikitoka nyeusi, au kamera ikisimama na kuandika Err 20 au Err 30 kwenye Canon, tatizo liko kwenye mitambo ya kioo au ya shata. Err 01 ni tofauti: mara nyingi ni mawasiliano baina ya lenzi na bodi. Futa pini za dhahabu za lenzi na za bodi kwa kitambaa kikavu, jaribu tena, kisha badilisha lenzi. Ikitoweka kwa lenzi yako, kasoro ni ya lenzi yake.

Tahadhari kuhusu kamera za video. 600D na 700D zimependwa sana na wapiga video wa harusi kwa sababu ya skrini inayogeuka. Video ndefu hufungua shata mara moja tu, basi unaweza kukuta hesabu ya 15,000 kwenye bodi iliyofanya kazi miaka mingi. Kamera hiyo ichunguze kwingine. Geuza skrini pande zote ikiwa imewaka: ikimemeteka au ikizimika katika pembe fulani, waya bapa wa ndani umechoka. Chomeka maikrofoni na HDMI uone kama vinalegea. Kisha rekodi video mfululizo. 600D hukata faili ikifika GB 4, yaani kama dakika 12 za video kamili, na hilo ni umbile lake. Lakini alama nyekundu ya kipimajoto ikijitokeza ndani ya dakika chache mkiwa kivulini, au kamera ikizima, bodi hiyo haitaimudu harusi ya mchana.

Sensa

Weka uwazi mdogo wa lenzi, f/16 au f/22, ISO 100, fokasi ya mkono iliyoachwa na ukungu, upige anga au ukuta mweupe, kisha ukuze picha hadi asilimia 100 uipitie yote. Vidoa vya kijivu vyenye kingo laini ni vumbi, na vumbi si kasoro ya kushusha bei zaidi ya gharama ya kusafishiwa. Vipulizie kwa mpira wa kupulizia hewa, upige tena. Vilivyohama ni vumbi. Vilivyobaki ni mafuta ya shata, madoa ya maji, au kitu kilichoganda. Ukiona mistari yenye matawi kama mizizi midogo, hiyo ni kuvu juu ya kioo cha sensa, na bei lazima ishuke. Kumbuka picha huingia kichwa chini: doa la juu ya picha liko chini ya sensa.

Nikon D600 ya mwaka 2012 ilijulikana kwa kurusha vidoa kwenye sensa, hasa upande wa juu kushoto wa picha. Nikon ilifika hatua ya kubadilisha shata bila malipo, na mwaka 2013 ikatoa D610. D600 yenye ushahidi wa kubadilishiwa shata ni mali nzuri. Isiyo nao ni ya kupatana.

Kwa nukta zilizokufa, funika lenzi, zima upunguzaji chenga wa picha za muda mrefu kwenye menyu, weka ISO 800, piga sekunde 1, kisha sekunde 30. Nukta chache nyekundu au nyeupe kwenye picha ya sekunde 30 ni kawaida kwa sensa ya umri huo, hasa kwenye joto letu. Mstari mzima kutoka juu hadi chini ni sensa inayokufa. Na kamera zilizopiga kumbi zenye taa za leza zina ugonjwa wake: mwale wa leza ukiingia moja kwa moja huchoma nukta au mstari wa rangi usiofutika. Haurekebishiki bila kubadilisha sensa, na sensa mpya kwa bodi ndogo ni ghali kuliko bodi yenyewe.

Fokasi, vitufe, betri

Tundika leso yenye maandishi ukutani, simama kama mita mbili, lenzi wazi kabisa. Piga kwa kuchungulia tunduni, kisha piga kwa skrini. Picha ya tunduni ikiwa na ukungu na ya skrini ikiwa kali, kioo cha ndani au mtambo wa fokasi umesogea, kwa kawaida baada ya kuanguka. 7D, 5D Mark II na D7000 zina menyu ya kurekebisha hilo, 600D na D3200 hazina.

Bonyeza kila kitufe, hata usichokitumia. Zinazotumia kadi za CF, kama 7D na 5D Mark II, zimulike ndani ya tundu la kadi: pini moja iliyopinda inaharibu kadi na kazi ya mtu. Betri za LP-E6 huonyesha hali yake kwenye menyu kwa viboksi vitatu vya kijani. D7000 huonyesha umri wa betri kutoka 0 hadi 4, na 4 maana yake imekwisha. Betri iliyovimba usiilazimishe kuingia. Hukwama, na kuitoa huvunja mlango.

Lenzi ihesabiwe peke yake

Kosa kubwa la wauzaji na wanunuzi ni kutaja bei moja ya kila kitu. Lenzi hushikilia thamani kuliko bodi, na mara nyingi ndani ya mkoba uliochoka mna lenzi inayozidi kamera kwa bei. Au kinyume chake: bodi nzuri yenye lenzi iliyooza.

Kuvu ndiyo adui wa hapa. Pwani hewa huwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70 siku nyingi za mwaka, na lenzi iliyofungiwa mkobani gizani hukaa mahali kuvu inapopataka. Toa lenzi, shika tochi ya simu nyuma yake, utazame kwa mbele kwa kuinamisha, kisha ugeuze. Vumbi ni nukta. Kuvu ni nyuzi, kama utando wa buibui, kwa kawaida huanzia ukingoni. Ukungu mweupe uliotanda sawasawa ni kitu kingine, na hufanya picha zipauke unapopiga kuelekea mwanga: piga mashua zilizo baina yako na jua la jioni uone kama weusi unageuka kijivu. Kuvu ndogo ya ukingoni haionekani kwenye picha, lakini itaonekana kwa mnunuzi atakayefuata, kwa hiyo toa nusu ya bei. Kuvu iliyokaa muda mrefu hula rangi ya kinga ya kioo, na hata ikisafishwa alama hubaki. Kwa lenzi ya 18-55, ile ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, kufunguliwa na fundi hakulipi, bora kununua nyingine. Mkwaruzo mdogo wa mbele hauna athari kubwa. Wa kioo cha nyuma una athari.

Piga kwa uwazi mkubwa kabisa, kisha f/8, ukirekebisha kasi ili mwanga ulingane. Ikiwa ya kwanza ni nzuri na ya pili inaleta Err 01 au inatoka na mwanga usio sawa, waya bapa wa uwazi umekatika ndani, maradhi ya kawaida ya 18-55 zilizotumika sana. Canon 50mm f/1.8 II isikilize fokasi: ikisaga na kukwama, haina maisha marefu. Na kwa Nikon, uliza kwanza itafungwa wapi. Bodi za D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600 hazina mota ya fokasi, kwa hiyo 50mm f/1.8D itakuwa ya fokasi ya mkono tu.

Kugeuza kasoro kuwa shilingi

Tafuta bei ya kuanzia kwanza. Angalia matangazo ya modeli hiyohiyo Nairobi na Mombasa, kwenye mtandao wa matangazo wa Jiji na kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, ukijua kwamba bei inayotangazwa si bei inayolipwa. Yanayokaa miezi ni ya bei kubwa mno. Chukua yale yanayoondoka haraka. Usipotezwe na majina: kamera zilizotoka Marekani huitwa Rebel, za Japani huitwa Kiss. Rebel T3i na Kiss X5 ndizo 600D, Rebel T5i na Kiss X7i ndizo 700D. Kwa zile za Japani hakikisha menyu inakubali Kiingereza.

Chukua mfano, na tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Bodi safi inauzwa 24,000. Hii unayoikagua ina betri dhaifu, toa 2,000. Sensa ya kusafishwa, toa 1,500. Mpira, toa 1,500. Fundi hayupo hapa, kwa hiyo kifurushi kitavuka Mokowe kwenda Mombasa na kurudi, toa 1,000. Imebaki 18,000. Sasa shata. Kwa maoni yetu, hesabu iliyo chini ya nusu ya kiwango haitolewi kitu. Kutoka nusu hadi kiwango kamili, toa asilimia 10 hadi 20 ya bei ya bodi safi. Ikipita kiwango, toa asilimia 30 hadi 40. Ikifika mara mbili, nunua kwa bei ya spea hata kama inapiga. Hii yetu imesoma 85,000 kati ya 100,000, tunatoa asilimia 15 ya 24,000, yaani 3,600. Tunabaki na 14,400. Kama ina kutu ya ndani, hatuendelei na hesabu. Tunauliza chaja, mlango na skrini vinauzika kwa kiasi gani, basi.

Shata ikiwa tayari imekufa, kumbuka kwamba kuibadilisha kwenye 600D au D3200 kwa kawaida kunakaribia au kuzidi thamani ya kamera nzima. Kwenye 5D Mark III au D750 kazi hiyo inaweza kulipa, na bodi hizo usizitupe. Chaja ya asili ikikosekana, usiichukulie kama jambo dogo. Chaja za bei rahisi ndizo zinazoua betri, na umeme wetu unaokatika na kurudi hauzisaidii.

Wewe unayeuza, futa pini kwa pombe ya isopropili na kitambaa, safisha mpira, tafuta chaja na boksi, na uweke mbele picha ya hesabu ya shata kabla hujaulizwa. Usipake rangi skrubu zenye kutu. Mnunuzi akiigundua, na ataigundua, hataamini neno jingine lako. Taja aibu ya kamera kwa mdomo wako. Dini inadai hivyo, na mji ni mdogo.

Umiliki na maandishi

Namba ya utambulisho iko chini ya bodi. Kamera nyingi huiandika pia ndani ya picha. Zilinganishe hizo mbili, na ya boksi kama lipo. Stika iliyobanduliwa au namba iliyokwaruzwa ni sababu tosha ya kuondoka. Kamera za watalii hupotea, na kifungo cha kushika mali ya wizi, katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya kifungu cha 322, kinafika miaka 14.

Mkikubaliana, andikeni karatasi mbili: modeli, namba ya utambulisho, hesabu ya shata siku hiyo, kasoro zilizotajwa, vitu vinavyoandamana nayo, majina na namba za vitambulisho. Wekeni muda wa majaribio, siku tatu zinatosha kuonyesha shata au betri inayodanganya, na mwandike ni kasoro gani zinarudisha kamera. Lipa kwa M-Pesa ili malipo yaache alama. Muuzaji abaki na kadi yake, kwa kuwa kufomati hakufuti picha kweli na programu ya bure huweza kuzirudisha. Kama kadi ni sehemu ya mauzo, nunueni mpya. Ile ya zamani ikiwa na picha za watu ikatwe.